Chumvi Mara Mbili kwenye Viazi vya Mzee Kombo

Nyinyi wa jikoni mliniaga vizuri. Mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya mtu ambaye hana tena pa kuwahi, na keki ambayo ilikuwa mbichi katikati, nikaila nikasema nzuri. Kisha mkaniomba niwaandikie namna ya kuoka vile viazi vitamu, kwa sababu tangu niondoke wageni wanavirudisha. Nimesikia. Nimesikia pia kwamba mnavipiga picha kwa simu kabla havijatoka jikoni, na huenda vinarudi kwa sababu vinafika mezani vimepoa. Nitaandika. Ila viazi vile si vyangu, hata kama menyu yasema ni vyangu, na siwezi kueleza vinavyookwa bila kueleza nilivyovipata.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Hoteli yetu mwaijua kwa lifti yake na vioo vyake. Wakati huo ilikuwa nyumba kuukuu ya ghorofa mbili ukingoni mwa Mji wa Kale, vyumba kumi na viwili, ngazi za mbao zilizolia kila mgeni akipanda, na jiko lake nyuma uani. Jina silitaji, wenyewe wako hai na wanajua kusoma. Nilitoka kwetu Kibokoni kwa miguu, buibui juu na gauni langu la Idi chini, nikidhani kazi ya hotelini ni kazi ya kuonekana. Nilionekana na gunia la vitunguu. Nilimenya na kukata mpaka adhuhuri, wanja umenifika kidevuni, ndipo akaja mzee mmoja mfupi mwenye kofia iliyotoboka utosini. Akaokota kipande kimoja, akakigeuza.

"Mwanangu," akasema, "hivi umevikata au umegombana navyo?"

Huyo ndiye Mzee Kombo, aliyekuwa mpishi mkuu kabla haijajulikana kwamba mpishi mkuu ahitaji cheti. Alikuwa mjane wa miaka mingi, akikaa Bondeni kwa binti yake, na nadhani alizungumza na tanuri lake zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Tanuri lile la matofali na udongo alilijenga kwa mikono yake pale uani, na miaka miwili ya kwanza sikuruhusiwa hata kuliegemea. Mwaka wa tatu akaniruhusu kutoa majivu. Niliona nimepewa cheo.

Sasa viazi. Chukueni kalamu, au hizo simu zenu. Chagueni vyenye ganda jekundu na nyama nyeupe, ukubwa wa ngumi ya mwanamke. Vya ngumi ya mwanamume vina makuu tu, ndani ni nyuzi. Mzee Kombo alikwenda Marikiti mwenyewe, na wauza viazi wakimwona yuaja walishusha pumzi, kwa sababu alipekua gunia zima akatoka na vinane. Viosheni, msivimenye. Viokeni na maganda yao mpaka sukari itoke yenyewe na kuganda juu ya ganda. Hapo menyeni, mkate vipande vinene kama vidole viwili vilivyolala pamoja. Rojo lake ni tui la kwanza, ukwaju uliokamuliwa, sukari guru, kitunguu thomu, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, pilipili na chumvi. Mwageni rojo juu ya viazi kwenye sinia, mrudishe tanurini, mpalie makaa juu na chini mpaka rojo likauke na pembe zianze kuungua kidogo. Kidogo, nasema. Vile mlivyonitolea siku ya kuniaga vilikuwa tayari kutiwa kwenye pasi ya makaa.

Kazi iko kwenye chumvi. Ikipungua ni kitu cha watoto na chai ya jioni. Ikizidi, hakuna cha kuirudisha, ukiongeza sukari unazidi kuharibu. Na haipimwi, kwa sababu kiazi cha leo si kitamu sawa na cha jana. Mzee Kombo hakuonja kamwe. Alitia ukufi mmoja, akakoroga, akainamisha pua juu ya sufuria, akaongeza au akaacha.

"Mzee, chumvi haina harufu," nilimwambia.

"Chumvi haina. Tui lililotiwa chumvi linayo. Nusa."

Nikanusa. Nikasema naam, naisikia. Wallahi sikusikia kitu. Sikuisikia siku ile wala siku yoyote baadaye, na wale niliowafundisha kunusa, mkatikisa vichwa kwa heshima mkisema mnaisikia, nawashukuru kwa uongo wenu. Ulinifariji.

Mwezi wa Ramadhani ndipo jikoni kulipokuwa na vituko. Mashehe wametuelezea zaidi ya mara moja kwamba mpishi aliyefunga aweza kugusisha ulimi akatema, ni ruhusa. Sisi jikoni tulijiona wacha Mungu kuliko mashehe. Hakuna mfungaji aliyeonja kwetu. Tulikuwa na Karisa. Karisa alitoka Kaloleni, Mkristo, kanisani kila Jumapili, mwosha masufuria aliyepanda mpaka kwenye kumenya, mtu mkubwa mpole aliyeweza kumaliza mkate mzima huku akikueleza kwamba hana njaa. Ikifika Ramadhani Karisa alikuwa ulimi wa jikoni. Tulimwita, akaja na kijiko chake, akachota, akatupa mgongo kwa adabu ili tusimwone akila, kisha akageuka akatoa hukumu. Chumvi yapungua. Ndimu imezidi. Iko sawa. Miaka yote hiyo hakukosea.

Basi ndio akaja Shefu Danstan.

Danstan alikuwa mtoto wa Tudor, wazazi wake twawajua, alicheza mpira na kaka zangu. Akakaa Ulaya miaka miwili, akarudi na Kiswahili kilichopitia puani na kofia nyeupe ndefu hivi kwamba ilimbidi ainame kuingia jikoni. Hakuivua. Aliinama mara arubaini kwa siku. Alikuja na mizani ndogo, na kipimajoto alichokidunga kwenye kila kitu mpaka tukawa twamwogopa akipita nyuma yetu. Kila sahani aliiwekea jani la kotmiri, hata uji. Viazi vya Mzee Kombo aliviita chakula cha pembeni, na akasema kitu chenye sukari na chumvi kwa pamoja ni chakula ambacho hakijaamua kinataka kuwa nini. Wageni waliendelea kuviagiza. Nadhani hilo ndilo lililomuuma.

Alilitaka lile tanuri livunjwe, mahali pake pakae jokofu kubwa na jiko la gesi. Alikwenda kwa mwenye hoteli, Bwana Twalib, akamwambia neno ambalo lilituchoma sote kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Mzee anasahau," akasema. "Mpishi anayesahau ni hatari kwa nyumba."

Na kweli alikuwa ameanza kusahau vitu vidogo. Alitafuta miwani ambayo ilikuwa kwenye paji la uso wake. Mara mbili aliniuliza kama tumepika wali, wali ukiwa mbele yake. Mkono wake kwenye chakula haukukosea hata siku moja, lakini alimsikia Danstan, maana Danstan hakusema kwa sauti ndogo, na tangu siku ile nilimwona akifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alisimama mbele ya sufuria, mkono uko hewani, akijiuliza.

Bwana Twalib alikuwa mtu wa nyumba ya zamani, mpole, asiyependa kuamua jambo lolote ambalo lingeweza kungoja. Kila Ramadhani, kumi la mwisho, aliwafuturisha wazee wa mtaa pale hotelini. Akaja jikoni, akatusalimu mmoja mmoja, akauliza hali ya kila mtu na watu wake, tukadhani amekuja kwa salamu tu. Kisha akasema, akimtazama Mzee Kombo viatu.

"Siku ya futari mtapika viazi. Vikimalizwa mezani, tanuri halitavunjwa na mzee hataguswa. Vikirudi jikoni, basi, mzee, utakwenda kupumzika kwa binti yako."

"Haya, Bwana," Mzee Kombo akasema.

Kupumzika. Waajiri wana maneno mazuri.

Siku hiyo Danstan alijifungia ofisini asubuhi. Hakutaka kugusa sinia hata kwa kidole, asije akasingiziwa kwamba ameviharibu. Kwa mara ya kwanza hatukuwa na kipimajoto nyuma yetu, na ndiyo siku tuliyokihitaji. Mzee Kombo alitoka Marikiti na viazi ambavyo sijaona mfano wake, akaviweka tanurini, sukari ikatoka kama alivyotaka, tukamenya, tukakata. Mimi nikakuna nazi kumi, nikachuja tui, yeye akaweka rojo motoni. Akanituma makaa uani. Niliporudi yuapangusa mikono kwa kitambaa, yuataka kwenda kuswali alasiri.

"Litazame lisimwagike," akaniambia, akatoka.

Nikatazama. Mkebe wa chumvi ulikuwa umefunikwa. Sasa, Mzee Kombo hakuwahi kufunika mkebe wa chumvi katika maisha yake. Nilimfunikia mimi kila siku kwa miaka sita. Nikasema moyoni, hakutia. Amesahau. Nikainama nikanusa. Harufu ya tui, harufu ya ukwaju, harufu ya moshi wa makaa niliyoyabeba mwenyewe.

Ningemngoja nimuulize. Nilifikiria hilo, msidhani sikulifikiria. Lakini kumuuliza mzee siku ile, "Je, umetia chumvi?" kungekuwa ni kumwambia kwamba hata mimi naona amesahau. Sikuweza. Nikaona heshima ni kumfichia. Nikatia ukufi mmoja, nikakoroga, nikaufunika mkebe. Nilijiona binti mwema sana.

Hata hivyo nilimwita Karisa. Akaja na kijiko, akachota, akanipa mgongo, akakaa kidogo, akageuka.

"Iko sawa," akasema.

Mzee Kombo akarudi, akalimwaga rojo juu ya viazi, akalirudisha sinia tanurini. Adhana ikaingia. Wazee wakafungua kwa tende na maji, wakaswali, wakaketi. Mimi na Karisa tulisimama nyuma ya mlango wa ukumbi, Danstan upande wa pili amekunja mikono, kofia imegusa boriti. Bwana Twalib akajipakulia kwanza. Akatia kipande kinywani. Akaacha kutafuna. Kisha akaendelea taratibu, akameza, akanywa bilauri nzima ya maji bila kuishusha. Macho yake yalikuwa mekundu. Akatabasamu, akawakaribisha wengine.

Mwalimu mmoja wa madrasa, mkubwa wao wote, ndiye aliyefuatia. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Mashaallah," akasema. "Vina ladha hivi."

Basi ikawa imekwisha. Mkubwa wao akishasema vina ladha, nani atasema havina? Mnawajua wazee wa Mji wa Kale. Mtu wa pale aweza kula kigae cha chungu mezani kwa mwenyeji wake, akaomba aongezwe. Walikula wote. Mgeni mmoja alifumba macho kila alipotia tonge, nikadhani ni utamu. Majagi ya maji yakaingia, yakatoka, yakaingia tena. Sinia likarudi jikoni tupu, na Danstan akalitazama kwa mshangao wa mtu aliyeona maji yakipanda mlima.

Karisa akachukua kipande kilichonata pembeni mwa sinia, akakitia kinywani. Akakitema mkononi. Nami nikaonja. Yarabi, ile ilikuwa chumvi ya kukaushia papa.

"Karisa," nikamwambia, "wewe ulionja nini?"

Akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani. "Dada Rukia, sikuonja."

"Nilikuona na kijiko."

"Nilikimwaga. Nimefunga."

"Wewe Mkristo."

"Najua. Mwaka huu niliona haya. Nyinyi mna midomo mikavu kutwa, mimi nakula nyuma ya mlango. Nikasema wacha nifunge nao. Tangu mwezi uandame nafunga."

"Na vyakula vyote ulivyosema viko sawa?"

"Vilinukia vizuri."

"Mbona hukusema?"

"Mngenicheka."

Tungemcheka. Tungemcheka mpaka Idi. Na wa kumlaumu Karisa kwa kufunga kwa heshima sikuwa mimi, niliyetia chumvi kwa heshima, na sote tuliokolewa na wazee waliokula kwa heshima. Jiko zima lilikuwa na adabu siku ile, isipokuwa chakula.

Bwana Twalib akaja mlangoni, sauti imemkauka. Mzee Kombo alikuwa ametoka kwenye tanuri lake, ameinama juu ya sinia, yuakwangua mabaki kwa ukucha. Akayatia mdomoni. Nilimwona akisimama wima, taratibu.

"Mzee, viazi havikurudi," Bwana Twalib akasema. "Neno langu ni lile lile. Hutaguswa."

"Bwana, vina chumvi mara mbili."

"Ni vizuri, mzee. Wazee wamevisifu."

"Vina chumvi mara mbili, na wewe wajua. Nakumbuka nilitia. Nilihofu nisije nikatia tena, hata nikaufunika mkebe kwa mkono wangu ili nikumbuke kwamba tayari. Kumbe nilirudi nikatia." Akamgeukia Danstan. "Kijana, ulisema kweli. Nasahau."

Danstan, nampa haki yake, alivua kofia.

Mimi nilikuwa pale, hatua tatu, na kitambaa mkononi. Neno lilikuwa moja: ni mimi. Nilikuwa na sababu za kutolisema, na nimezihesabu mara nyingi. Mwanamke wa pekee jikoni, miaka sita ya vitunguu na majivu, Danstan yuasikiliza, Bwana Twalib yuatazama. Nikajiambia nitamwambia mzee pembeni, tukiwa wawili. Yeye akafungua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza, akatuaga kwa jina mmoja mmoja, akaenda zake Bondeni. Bwana Twalib alikuwa ameshatoa neno lake mbele ya watu, kwa hivyo tanuri halikuvunjwa. Nilipewa mimi.

Danstan hakukaa mwaka. Alikwenda hoteli kubwa ya ufuoni yenye milango mirefu, na naambiwa alifurahi sana. Karisa hakufunga tena, alionja mbele yetu, akitafuna kwa sauti ili tuwe na hakika. Na nyinyi mwaijua sheria yangu ambayo mlikuwa mkiiigiza nyuma yangu mkidhani sisikii: chumvi hutiwa na mtu mmoja, na akishatia aseme kwa sauti, jiko zima lisikie, hata akionekana mpumbavu. Mliniona bibi mwenye wasiwasi. Sasa mwajua.

Mnangoja kujua kama nilimwambia. Nilikwenda Bondeni siku ya pili ya Idi, na halwa, na maneno yangu nimeyapanga. Nilimkuta amekaa barazani kwa binti yake, kanzu safi, mikono juu ya magoti, haina cha kushika. Alifurahi kuniona. Aliniuliza makaa ya siku hizi yakoje, aliniuliza Karisa. Binti yake akaleta chai, kikombe changu na chake, na bakuli la sukari, akatuacha na mazungumzo yetu. Nikafungua mdomo. Yeye akanitangulia.

"Rukia, wewe ulikuwa karibu siku ile. Uliniona nikirudi kutia mara ya pili?"

Alinitazama kwa namna ambayo nilijua ameliuliza swali hilo peke yake kila siku. Ningesema lile neno moja. Nikasema, "Sikuona, mzee."

Ilikuwa kweli kabisa. Sikumwona.

"Hata wewe hukuona," akasema, akatikisa kichwa. "Basi nilifanya hata bila mtu kuona."

Akavuta kikombe chake. Akalitazama bakuli la sukari, akakitazama kikombe, akalitazama bakuli tena. Kisha akamwita binti yake kutoka ndani, aje amwambie kama ameshatia.